Udongo Niliokula Nikinyonyesha

Akina mama wenzangu, naandika haya nimekaa, maana hata sasa nikisimama muda mrefu miguu hudai kiti. Niliugua wakati wa Mwingereza, nikiwa na mtoto wangu wa kwanza kifuani. Nilikonda mpaka nikaogopa kujishika, na ugonjwa wenyewe karibu uninyang'anye mtoto kabla haujaninyang'anya uhai. Leo nasimulia ili aliyelala chini na kukata tamaa ajue kwamba wapo walioinuka.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa njia. Shule ya misheni niliiacha darasa la pili. Sikushindwa masomo, ila dirisha la darasa lilitazama barabara. Lori likipita nilitaka kujua linakwenda wapi, na mwalimu alichoka kunijibu. Nikamfuata shangazi yangu bondeni Rukwa. Nimekaa Milepa, nimekaa Ilemba, nimelima kibarua Kaoze. Nimebeba samaki wakavu kichwani nikapanda nao mlima mpaka Ufipa juu, nikauza, nikashuka tena kwa kuwa kuna mtu alisema upande wa pili wa ziwa watu wanaishi kivingine. Viatu sikuwa navyo, wala sikumjua mwanamke aliyekuwa navyo. Masika tope la mashambani lilifika kwenye vifundo, na katikati ya vidole palitoka vipele vya kuwasha. Nilijikuna, nikasahau. Haja tulikwenda vichakani kama watu wote.

Aliyenituliza ni Dominiko, mkulima wa kijiji kimoja cha juu, mwendo wa asubuhi nzima kutoka Sumbawanga mjini. Tulifunga ndoa kanisani. Mimba yangu ilipokuwa kubwa alikwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge, kibarua cha mkataba, manamba, kama vijana wengi wa Ufipa. Aliniacha na mama yake, Mama Leokadia, na dada yake, wifi yangu Yuditha.

Nilijifungua salama mtoto wa kiume, Kasiano. Mama mkwe alinilisha vizuri, uji wa ulezi asubuhi, ugali na maharage mchana, uji tena jioni. Nilinenepa. Mashavu yalijaa, tumbo lilibaki limelegea kama mfuko uliotolewa mahindi, na kwa mimi niliyezoea kutembea, mwili ule niliuona mzigo wa mtu mwingine. Kwa hiyo nilipoanza kupungua nilifurahi. Kaniki ililegea kiunoni nikaikaza. Wanawake kisimani walinisifu.

"Mama Kasiano, mwili unarudi! Umekuwa msichana tena."

"Mtoto ananyonya," nilijibu, "ndiye anayeyeyusha."

Nilijivunia, na wala sikujua najivunia ugonjwa.

Kupungua kule hakukusimama. Kwanza yalikwenda mashavu, kisha mapaja, kisha nikaanza kuhesabu mbavu nikioga. Nikitoka kisimani na mtungi, moyo ulipiga mpaka kooni, na katikati ya mlima nililazimika kuketi. Kulima matuta, kugeuza nyasi na kuzifukia kwa udongo, kulinishinda kabisa. Tumbo liliuma juu ya kitovu, na asubuhi nilitapika. Ulimi ulikuwa laini na wenye vidonda. Jioni miguu ilivimba, nikibonyeza kwa kidole pakabaki shimo. Maziwa yalipungua, na Kasiano alivuta, akaachia, akalia, akavuta tena. Nilichoka namna ambayo usingizi hauiponyi. Niliamka nimechoka kuliko nilivyolala.

Tena ikaja tamaa ya udongo. Kula udongo wa kichuguu wakati wa mimba nilikujua, nani asiyekujua? Lakini mtoto wangu alikuwa ameanza kukaa mwenyewe, na mimi nilikuwa nikinusa ukuta wa nyumba ulionyeshewa na mvua mpaka mate yananitoka. Nilibandua kipande nyuma ya kihenge, nikala. Kesho yake nikarudi. Nilijiuliza kwa nini, maana mimi kila kitu hujiuliza, lakini jibu sikulipata na mkono haukungoja.

Yuditha ndiye aliyenikuta, midomo imejaa vumbi jekundu.

"Wifi! Unakula nyumba ya kaka yangu?"

"Naonja tu."

Alinitazama tumboni, akapiga makofi. "Haya! Mume yuko Tanga, mimba iko Ufipa. Hii ilipanda lori gani?"

Nilicheka, nikidhani ni mzaha wa mawifi. Lakini jioni ile Mama Leokadia aliniita ndani, uso wake umefungwa.

"Mwanangu, nieleze. Unatapika asubuhi. Unalala mchana. Unakula udongo. Siku zako umeziona?"

"Sijaziona tangu nijifungue, mama. Si nanyonyesha?"

"Wewe ni mtu wa kutembea. Kila mtu anajua."

"Nilitembea zamani. Sasa hata kisimani sifiki. Mama, sina mimba. Ningekuwa nayo si ningenenepa, badala ya kukonda hivi?"

"Kuna mimba zinazomla mama," alisema. Kisha sauti yake ikashuka. "Nilimzika mtoto mmoja kwa jambo hili. Nilipata mimba naye yuko bado kwenye ziwa. Maziwa yalimgeuka tumboni. Sitamzika na huyu."

Hakuwa mwanamke mbaya, alikuwa mwanamke anayekumbuka. Asubuhi aliniletea shubiri iliyopondwa, akanipaka mwenyewe kwenye matiti yote mawili, machozi yakimtoka. Kasiano alishika titi kwa njaa yake yote, akakunja uso, akatema, akapiga kelele. Nazisikia hata sasa. Bibi yake akamchukua, akawa analala naye, anamlisha uji wa ulezi uliochujwa. Mimi nilifunga kifua kwa kitambaa, maziwa yakauma kama jipu.

Baada ya siku chache mtoto alianza kuharisha. Macho yalizama. Nilimsikia analia upande wa pili wa ukuta, sauti inakuwa nyembamba, na hapo nikaona nikinyamaza tutakufa wote wawili. Nikaenda kwa mama mkwe, nikapiga magoti.

"Mama, twende hospitali mjini. Wanitazame tumbo. Kama nina mimba, naondoka kwako na mtoto nakuachia. Kama sina, unirudishie mwanangu."

Alifikiri. "Utafika?"

"Nitafika."

Mimi niliyepanda ule mlima wa Rukwa na mzigo kichwani, siku ile nilikaa chini kila tulipopata jiwe. Mama Leokadia alimbeba Kasiano mbelekoni na bado alinitangulia. Akisimama kuningoja aliniangalia jinsi ninavyopumua. Asubuhi nzima ilipita, na sehemu kubwa ya mchana. Tulifika mjini jua limeinama, tukalala kwa binamu yake.

Mganga aliyetupokea hospitali alikuwa kijana Mnyakyusa, ana haraka, foleni ikiwa imefika nje. Mama mkwe aliwahi kusema kabla yangu.

"Bwana Mganga, huyu ana mimba naye ananyonyesha. Anakula udongo."

"Mama, tulia. Mimi sijamuuliza udongo." Alinivuta kope ya chini ya jicho, akatazama. Akageuza kiganja changu, akakiweka karibu na kiganja cha mama mkwe. Chake kilikuwa na wekundu. Changu kilikuwa kama karatasi. "Dada, damu yako imekwenda wapi?"

"Sijui. Ndiyo nimekuja kuuliza."

Alinilaza, akabonyeza tumbo taratibu mpaka chini. "Hapa hamna mtoto."

Mama Leokadia alisogea. "Bonyeza tena, baba."

Akabonyeza tena. "Hamna, mama. Umewahi kuishi bondeni, dada?"

"Miaka mingi."

"Peku?"

"Ningevaa nini?"

Alinipa kiberiti kitupu, akasema kesho nilete humo kipande cha choo changu. Niliona aibu, lakini udadisi uliishinda. Nilipoleta, walikipima kwa darubini, nami nikaomba nione. Mganga alicheka, akaniruhusu. Niliona vitu vidogo vya mviringo, vyenye ganda jembamba, vimelala kama mbegu.

"Ni mayai ya safura," alisema. "Minyoo yenyewe iko ndani ya utumbo wako, imeng'ata. Iliingia kwa ngozi ya miguu. Inakunywa damu yako kabla mwanao hajanywa maziwa. Ndiyo maana umekonda, na ndiyo maana mwili unatafuta udongo."

Mama mkwe aliuliza polepole, "Na maziwa yake? Ni mabaya?"

"Ni mazuri. Ni machache tu. Mrudishie mtoto."

Dawa niliinywa asubuhi, tumbo tupu. Ilinilevya kama pombe ya harusi, chumba kikazunguka. Kisha wakanipa chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, na sitaeleza siku ile ilivyokuwa zaidi ya kusema kwamba sikutoka chooni. Siku hiyo niliambiwa nisinyonyeshe, nikakamua nikamwaga. Kesho yake nilijiosha kifua kwa maji ya moto na sabuni, nikamweka Kasiano.

Akageuza uso.

Nikajaribu upande wa pili. Akaziba midomo, akanitazama kama mtu aliyenijua zamani akadanganywa. Nilijaribu mchana kutwa. Alikuwa ameishiwa nguvu, shingo haimkai sawa, na bado alikataa. Nikalia bila sauti, maana hata ya kulilia sikuwa nayo.

Mama Leokadia alikuwa mlangoni. Alikuja akapiga magoti mbele yangu, yeye mkwe wangu, ambaye kwa desturi mimi ndiye ninayempigia magoti. Alinikamua matone kwenye kiganja chake, akayalamba mbele ya mtoto, akalamba midomo kwa sauti. "Mmm! Kasiano, tamu! Bibi anakumalizia!" Akakamua tena, akapaka tone kwenye mdomo wa mtoto. Kasiano alitoa ulimi. Bibi akalamba tena, akicheka na kulia kwa pamoja. Mara ya nne au ya tano mtoto alifungua kinywa, nikamsogeza, akashika.

Aliendelea kupiga magoti hapo mpaka mtoto aliposinzia.

Tulirudi kijijini. Nilirudia dawa baadaye, nikameza na vidonge vya kuongeza damu, vilivyogeuza choo kuwa cheusi nikatishika bure. Nilikula maharage, mboga za majani, na maini yakipatikana. Kupona hakukuwa haraka. Maziwa yalirudi kidogokidogo, na nyama ya mwili ilifuata nyuma yake kwa uvivu. Siku moja mvua ilinyesha ukutani, nikanusa, nikaona ni ukuta tu. Yuditha hakuomba radhi. Alisema, "Wifi, kumbe mimba yako ilikuwa na meno!" Tulicheka wote. Dominiko aliporudi alimkuta mwanawe anakimbiza kuku.

Namshukuru Mungu, namshukuru yule mganga, na namshukuru mama mkwe wangu, ambaye sasa hayupo, kwa yale magoti.

Na nyinyi mnaonisoma: mzazi anayenyonyesha hupungua, hilo ni la kawaida, wala msilifurahie kupita kiasi. Akipungua huku anahema, anavimba miguu, anatamani udongo, msihesabu miezi tangu mume aondoke. Mvuteni kope, mtazame kama kuna damu. Chimbeni choo, na mwenye uwezo avae viatu. Lakini kabla ya yote hayo, mwacheni mtoto kwenye ziwa mpaka mmeuliza hospitali.