Uzi wa Mwende Niliouunga

Tangu Jumamosi sijatoka nje ya ploti yetu hapa Kitengela, na mkisikia nilichofanya mtajua ni kwa nini.

Mjukuu wangu Mwende, wa Form Four, ambaye huniita Susu, alitengeneza kitu cha maonyesho ya sayansi kule Kajiado. Alizungusha uzi kwenye shanga nyingi zikabanana, lakini mahali pamoja uzi ulikuwa umekatika na shanga zimelegea. Alinieleza mambo ya protini za mwilini, mimi nikiitikia "ee, ee" huku nasuka kiondo. Akishinda, angeenda kushindana Nairobi.

Asubuhi ya maonyesho, Mwende akioga, nikauona ule uzi. Mtoto wangu apeleke kitu kimekatika mbele ya watu? Nikalegeza shanga za karibu ili vidole viingie, nikaunga, nikakaza zote, nikamfungia kwa katoni. Fundo langu halionekani, uliza mtu yeyote sokoni.

Mbele ya majaji Mwende akasema, "Uzi huu ni DNA, na shanga ni protini. Ukikatika, shanga hulegezwa mahali hapa ili protini zingine ziingie ziunge." Akapapasa. Akageuza.

"Hapa wapi?" jaji akauliza.

Nikasimama kule nyuma, kifua mbele. "Mwalimu, hutapaona! Nimeunga mimi, nyanya yake!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mwende hakucheka.

"Susu," akasema polepole, "hapo palipokatika ndipo palikuwa na kazi yangu yote."