Ekseli ya Kotina kwenye Mkokoteni wa Maji

Kila neno hapa ni kweli. Muthama ameapa mara tatu, mkono mmoja kifuani, mwingine umeshika spana, na wanaomjua wamecheka mara tatu.

Ni saa mbili asubuhi, sokoni Mutomo, mwaka 1999. Fundi huyu wa miaka hamsini na tatu amelala chali chini ya mkokoteni wa punda, anakaza nati. Siku njema hupata shilingi mia moja. Siku mbaya hurudi nyumbani na grisi tu.

"Ekseli hii ni ya Kotina, gari langu la ujana," ananiambia mimi mgeni, akiigonga. "Nyekundu! Ikinguruma hapa, kuku wanahama."

Kotina hiyo aliinunua mwaka 1969 kwa ng'ombe kumi na mmoja. Ng'ombe walikuwa wa baba yake, ambaye alirudi kutoka safari akakuta boma tupu na gari mlangoni.

Mwaka huohuo alishindana mbio za magari na Rashid, mtoto wa mfanyabiashara wa Kitui, kwenye kile kipande kilichonyooka cha barabara ya vumbi nje ya mji. Waliahidiana kwamba atakayeshindwa atampisha mwenzake barabarani maisha yake yote.

"Nilimwacha akila vumbi. Aliogopa, akakanyaga breki!"

Hadi leo Rashid, ambaye sasa huleta bidhaa Mutomo kila Jumanne, akimwona Muthama juu ya baiskeli huweka lori lake kando.

"Baba Mutie," anaita Kaluki, muuza maji mwenye mkokoteni huo, akiwa ameketi juu ya mtungi wa plastiki. "Mwambie mgeni kwa nini alikanyaga breki."

"Mama Mbula, hayo ni mambo ya zamani."

"Basi nitasema mimi. Nilikuwa na mama yangu, tumetoka kuchimba maji mchangani, kwenye mto mkavu, tangu alfajiri. Ukatupigia honi, ukacheka. Punda akaruka akatoroka, madebe yote manne chini. Rashid ndiye alisimama. Alimshika mama, akatupatia hata maji yake ya kuongeza kwa injini. Wewe ulikuwa unashangilia huko mbele."

Muthama anatoka chini ya mkokoteni taratibu, hamtazami mtu.

"Niliwaona kwa kioo cha gari," anasema. "Nikajiambia, nikisimama nitashindwa."

"Mama yangu alikufa akingoja pole yako."

"Nikulipe nini, Mama Mbula?"

"Madebe manne. Kutoka palepale mchangani. Na si kwa punda! Kwa mgongo, kamba kwa paji la uso, kama mama alivyobeba upya siku ile punda alipotoroka."

Soko zima linageuka. Mwanamume kubeba maji kwa kamba ya kichwa, Mutomo, mchana kweupe!

Anafunga kazi, anachukua debe moja na kamba, anaondoka. Safari ya kwanza vijana wanampigia miluzi. Ya pili, mmoja anapiga kelele, "Mzee, weka gia!" Ya tatu hakuna anayecheka, shingo inamtetemeka, maji yanamtiririka mgongoni.

Anamimina kwenye pipa la Kaluki, anashika magoti akihema.

"Jumanne lori la Rashid likija," anasema, "nitashuka baiskeli niingie kichakani kabisa, apite. Akiuliza, nitamwambia alishinda yeye."

Kaluki anachungulia ndani ya pipa, kisha anamrudishia debe.

"Bado moja, dereva."