Mche Haufungui Mlango

Mtaa mzima ulimwita Barafu, na mwenyewe alikuwa amelizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa lile la kuzaliwa hageuki. Alikuwa fundi wa majokofu. Friji ya jikoni, jokofu la soda, chumba kizima cha baridi cha kuhifadhia nyama, vyote vilimtii. Mtu mwema, tuseme kweli, ila alikuwa na maradhi yake: hakuamini jambo lisilo na namba. Mwambie una homa, atakuuliza nyuzi ngapi. Mkewe, mshonaji mwenye ulimi mkali kama mkasi wake, alipenda kusema kwamba siku ya posa alishangaa bwana hakuja na kipimajoto.

Nyumbani walikuwa watatu: Barafu, mkewe, na mama yake Barafu, bibi mwenye kifua kibovu na magoti ambayo alishauriana nayo kwanza kabla ya kusimama. Watoto wa nyumba hiyo walikuwa wameshaoa na kuolewa, wakatawanyika. Chumba cha mama kilikuwa mwisho wa korido, upande usiopata jua, sakafu yake saruji tupu. Kila kipupwe kilipoingia alisema maneno yale yale, kwa sauti ya chini kama mtu anayeomba radhi.

"Mwanangu, chumba changu kina baridi."

"Nitakutafutia hita, mama," Barafu alijibu. Nia alikuwa nayo. Lakini mwaka huo kichwa chake kilikuwa kimejaa miche.

Mambo yalianza bucha moja ilipofungwa, naye akapewa chumba chake cha baridi akibomoe, achukue kama ujira. Akazibeba zile kuta nene zilizojazwa povu, akabeba na mlango wake mzito wenye mpira pembeni, akakijenga upya ndani ya stoo iliyopakana na chumba cha mama. Watu wakamcheka. "Barafu unataka kutugandisha ndani?" Yeye akawajibu kwamba ukuta unaozuia joto lisiingie utazuia joto lisitoke. Miche ya pilipili hoho haipendi baridi, na wakulima wa mboga kila kipupwe huitafuta kwa udi na uvumba wasiipate. Atawaoteshea yeye, humo ndani, chini ya taa.

Kisha akaanza lile lililomkosesha usingizi kwa furaha: kompyuta ya kuitazama miche. Alichukua kompyuta kuukuu iliyotupwa na ofisi fulani, akaiunganisha na kibao kidogo cha umeme chenye miguu ya kuchomekea nyaya. Kila trei ya miche aliichomekea misumari miwili. Udongo ukiwa na maji umeme unapita baina ya misumari, ukikauka haupiti, na kompyuta inajua. Vipimajoto alivitoa kwenye friji zilizokufa. Pampu ya maji ilikuwa ile ya kunyunyizia kioo cha gari. Joto lilitoka kwenye hita ya kuyeyushia barafu, waya mrefu ambao kwenye jokofu huzuia theluji isijikusanye. Programu alijifunza kuiandika kwa kutazama video, akikosea na kujitukana, hadi siku ile skrini ilipochora mstari wake wa kwanza akamwita mkewe aje aone. Mkewe aliona mstari.

Mwisho alifunga simu ya zamani ya vitufe, ili chumba kimtumie ujumbe popote alipo, naye aweze kukiamuru kwa ujumbe vilevile. KAUSHA, na hita inapanda na feni ya kuingiza hewa inafungwa isilete unyevu wa nje. ZIMA, na kila kitu kinalala isipokuwa simu na vipimo.

"Mama, njoo uone," alisema siku hiyo, akamshika mkono bibi na kumwingiza taratibu. "Hapa hata mtu akichomoa msumari mmoja, mimi huko niliko najua."

"Hata ukiwa mbali?"

"Hata nikiwa wapi."

Mama hakutazama misumari. Alikuwa amesimama chini ya taa, macho ameyafumba nusu, viganja amevifungua. Alisema tu, "Humu mna raha."

Sasa lazima nieleze jambo moja la mlango, kwa maana ndilo lenyewe. Mlango wa chumba cha baridi hujifunga kwa nje, kwa komeo la chuma. Ili mtu asije akafungiwa ndani na kuganda, hutobolewa tundu, na ndani ya tundu hupita ufito wenye kirungu. Ukikisukuma kirungu ukiwa ndani, komeo linaachia. Barafu na wenzake walikiita roho. Kila alipomjengea mteja chumba cha baridi alimwita mwenye mali, akampigisha mafunzo: hiki usikiguse, usikifunike, usikining'inizie kitu. Lakini kinyozi hajinyoi. Nyaya zake zilihitaji njia, naye hakutaka kutoboa ukuta upitishe baridi. Tundu la roho lilikuwa tayari. Akaung'oa ule ufito, akapitisha nyaya, akaziba kwa gundi.

"Na mtu akifungiwa?" mkewe aliuliza.

"Mche haufungui mlango," akasema, akacheka.

Miche ikaota. Wiki mbili za mwanzo mstari wa joto kwenye skrini ulikwenda sawasawa kama uzi uliovutwa. Baada ya hapo ukaanza kuonyesha shimo. Kila mchana, saa ambazo yeye yuko kazini na mkewe yuko kwenye cherehani yake kule dukani, joto lilianguka ghafla, likabaki chini kwa muda, kisha likapanda. Unyevu wa hewa nao ulipanda kidogo bila mtu kumwagilia. Barafu alibadilisha kipimajoto, shimo likarudi. Alibadilisha waya, likarudi. Ndipo akakuta chini ya mlango kitambaa kilichokunjwa vizuri, kimewekwa mlango usijifunge.

Hasira zikampanda. Jioni mezani akakitupa kile kitambaa mbele ya mkewe.

"Hiki ni chako."

"Vitambaa vya nyumba hii vyote ni vyangu, hata ulichovaa," mkewe alisema. "Mimi niende kufanya nini kwenye pilipili zako?"

"Kuna mtu anaingia mle na kuacha mlango wazi. Miche itakufa! Nitakayemkamata mle atanitambua mimi ni nani."

Mama alikuwa amezungusha vidole kwenye kikombe cha chai, ambacho chai yake ilikuwa imeshakwisha.

"Labda ni paka," akasema.

"Paka gani anayekunja kitambaa, mama?" Barafu alicheka, hasira ikashuka kidogo. Mama naye akacheka, akakohoa, akaondoka kwenda kulala mapema.

Walipobaki wawili, mkewe alianza kukusanya vyombo, akasimama. "Umemuuliza mama?"

"Mama? Magoti yale yamfikishe wapi?"

"Mimi nimesema uulize tu."

Hakuuliza. Alikwenda kwenye sanduku lake la zana, akachagua springi nene kuliko zote, akaifunga juu ya mlango. Akaujaribu: uliposukumwa ulifunguka, ulipoachiwa ulirudi wenyewe kwa nguvu, komeo likalia tak! Akaweka kitambaa chini kwa makusudi. Mlango ukakisukuma nje kama takataka. Akaridhika, akapiga mluzi akienda kunawa.

Kesho yake aliitwa kwenye bucha upande wa pili wa mji, chumba cha baridi kilikuwa hakishiki ubaridi na nyama zinaanza kulegea. Alikuwa amelala chali chini ya mashine simu ilipolia. JOTO LIMESHUKA. Akakunja uso. Kabla hajaurudisha mkono kwenye spana ikalia tena. JOTO SAWA. Barafu alitabasamu peke yake kule chini. Mlango umejifunga wenyewe. Mwizi wa joto leo kapatikana.

Aliendelea na kazi. Baada ya muda ikaja nyingine: UNYEVU UMEZIDI. Hilo hakulipenda, maana unyevu mwingi huozesha shina la mche mchanga. Akapangusa kidole kwenye suruali, akaandika KAUSHA. Huko nyumbani, hita ikapanda na feni ya hewa ikasimama, kama alivyozifundisha mwenyewe.

Halafu zikaanza zile nyingine. TREI YA KWANZA: KAVU. TREI YA KWANZA: SAWA. TREI YA KWANZA: KAVU. TREI YA KWANZA: SAWA. Simu ikawa haipumui. Muuza nyama, mtu mnene mwenye utani, akainama kumchungulia.

"Fundi, mkeo leo ana maneno."

"Ni waya umelegea," Barafu alisema kwa kero. Akaizima sauti ya simu, akaitia mfuko wa nyuma na kuilalia.

Mashine ilipokubali kuunguruma, alisimama akajinyoosha, akaanza kuukagua mlango kama desturi yake. Muuza nyama alikuwa ndani, anasogeza masanduku, mgongo unamgonga kwenye kirungu kila akipita.

"Fundi, hiki kidude king'oe basi. Kinaniumiza, na masanduku hayakai."

"Hicho hakiguswi. Hiyo ndiyo roho yako hiyo. Siku mlango ukijifunga na wewe uko ndani..."

"Wewe nawe! Humu ninaweka nyama. Ng'ombe aliyekufa hafungui mlango."

Barafu aliyasikia maneno yale kwa sauti ya muuza nyama, kisha kwa sauti yake mwenyewe, na kicheko chake nyuma. Mkono wake ukaenda mfuko wa nyuma.

Skrini ya simu ilikuwa imejaa. KAVU, SAWA, KAVU, SAWA, kwenda chini mpaka kidole kikachoka kusukuma. Waya uliolegea haukai hivyo. Waya uliolegea hurukaruka ovyo, na huu ulikwenda kwa mwendo wa mtu anayebisha hodi. Chini kabisa nafasi baina ya ujumbe na ujumbe zilikuwa zimerefuka. Wa mwisho ulisema KAVU, na chini yake hapakuwa na SAWA.

Akaandika ZIMA, akakosea, akaandika tena. Akampigia mkewe, simu iliita na kuita, kelele za cherehani zikaimeza. Zana aliziacha zimetapakaa sakafuni. Muuza nyama alimwona akitoka mbio barabarani, akisimama mbele ya pikipiki ya kwanza iliyokuja hadi ikabidi ifunge breki.

Njiani dereva alimsikia akirudia nyuma ya mgongo wake: "Sawa. Andika sawa. Andika sawa, mama." Simu ameishika mkononi, na skrini haileti ujumbe mpya.

Nje ya mlango wa stoo kulikuwa na kandambili za mama, zimepangwa sambamba, kwa sababu hakutaka kuchafua chumba cha mwanawe. Barafu aliliinua komeo. Joto lilimpiga usoni kama mtu aliyefunua sufuria. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kilemba amekivua, kichwa amekilaza kwenye udongo wa trei ya kwanza katikati ya miche iliyolala. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumba. Alimbeba hadi koridoni, akamlaza kwenye saruji ile ile ya baridi, akampepea kwa shati lake, akamwita kwa sauti ambayo majirani walisema hawakuijua kuwa ni yake.

Kifua kikapanda. Kikashuka, kikakaa, kikapanda tena. Mama alifungua macho baada ya muda mrefu, akakunjua ngumi. Msumari ulikuwa umemchimba kiganja.

"Nilijua unaona," akasema.

Alikaa hospitali hadi kipupwe kikaisha, na kifua chake hakikurudi kama zamani. Sasa hupumua kwa mlio mwembamba unaosikika vyumba vyote. Miche ilikufa yote. Barafu aliung'oa ule mlango akaukatakata, na ile hita ya kuyeyushia barafu ikahamia chumba cha mama, pamoja na kipimajoto na simu ya vitufe. Mama ana joto sasa. Na ana hadithi, maana kila anayekuja kumjulia hali lazima aisikie, tangu mwanzo, na hachoki.

"Nikachomoa msumari, nikarudisha. Nikachomoa, nikarudisha. Watu wanasema wazee tunasahaulika! Mwanangu alikuwa ng'ambo ya mji, akaniona. Akaacha kazi za watu akaja mbio." Hapo humgeukia. "Si ndivyo, baba?"

"Ndivyo, mama."

Wageni humsifu. Wengine humshika mkono. Mkewe huwa pembeni na cherehani yake, kwa sababu siku hizi anashonea nyumbani asimwache mama peke yake. Yeye ndiye aliyeokota simu ya mumewe koridoni siku ile, akaona saa ya ujumbe wa kwanza na saa ya wa mwisho, na KAUSHA katikati. Hajamwambia mumewe neno hadi leo.

Juzi mama alikuwa na swali jipya. Wageni walikuwa wameondoka, naye amejilaza, mlio wa kifua chake unapanda na kushuka.

"Baba, ule ujumbe wangu wa kwanza kabisa. Niliogopa haujafika. Uliuona?"

Cherehani ilisimama.

"Niliuona, mama," Barafu akasema, akainuka kwenda kuangalia hita.