Pinyo ya Meno Mia Moja Ishirini na Saba

Siku ya kwanza ya kazi sikugusa mashine. Ilikuwa Beni, mwaka mmoja kabla ya uhuru, katika karakana iliyotengeneza mashine za kukoboa kahawa. Shefu wa karakana, Paluku, alinipa tupa na kipande cha chuma, akataka nikifanye mchemraba. Nilikwangua siku nne. Alipokipima aliona mwanga ukipita chini ya kipimo, akakitupa ndani ya pipa, akanipa kingine.

Mwezi wa tatu ndipo aliponisimamisha mbele ya tour, mashine ya kukereza: chuma kinazunguka, kisu kinatembea pembeni na kukinyoa. Tour yetu ilitoka kwa Waingereza, upande wa Uganda. Parafujo yake ndefu, ile inayosukuma kisu wakati wa kukata hesi, yaani mfereji unaozunguka parafujo, ilikuwa ya inchi. Mashine za kahawa zililetwa na Wabelgiji, na hesi zake ni za milimita. Kati ya vipimo hivyo viwili palikaa pinyo moja, yaani gurudumu la meno, lenye meno mia moja ishirini na saba. Jino moja likipungua au kuzidi, hesi inaharibika.

“Hii ni mukalimani,” Shefu alisema. “Bila yeye, mashine na kahawa hazisikilizane.”

Uhuru ulipokuja, mkurugenzi Mbelgiji aliondoka na funguo za ofisi mfukoni. Mkurugenzi mpya, aliyetumwa kutoka Kasai, aliingia ofisini kwa dirisha, na kazi ikaendelea.

Kisha ikaja habari kwamba waasi wanakaribia mji. Shefu hakujaribu kuihamisha tour. Ilihitaji watu ishirini na lori. Alifungua pinyo zote, akampa kila fundi moja aende nayo. Alisema tour isiyo na pinyo ni kitanda cha chuma tu, hakuna atakayeitamani. Mimi nilipewa ile ya mia moja ishirini na saba. “Usiuzishe, usiazimishe,” aliniambia. “Tukirudia, kila mutu na chake.”

Nilikimbilia Kamango nikiwa nayo ndani ya furushi la nguo, nikavuka mpaka kuingia Uganda. Vita vilipotulia wenzangu walirudi Beni. Mimi nilikuwa nimepata kazi ng'ambo. Mwanzoni niliogopa, kwa kuwa mtu aliyekutwa na mali ya karakana angeweza kuitwa mwasi. Baadaye woga uliisha, ikabaki aibu, na miguu yangu ilikuwa imekwisha kuzoea njia. Nilivuka tena mpaka, nikaingia kiwanda cha mbao cha misioni kule Lubero, ambako asubuhi grisi ilikuwa ngumu kama sabuni kwa baridi. Kisha nikatengeneza malori Butembo, nikaondoka, nikarudi tena. Pinyo ilihama nami ikiwa ndani ya kitambaa chenye mafuta. Mke wangu, Masika, alisema hicho chuma kimetembea kuliko yeye.

Mwaka juzi, nikiwa na miaka arobaini na minne, niliacha kazi ya mshahara. Nilitaka karakana nyumbani, Butembo, katika chumba cha hatua nne kwa tatu. Hadji Saleh, msafirishaji wa Beni, alikuwa ameleta Butembo mashine ya pamoja iliyotoka Uganda, akiiuza. Chini ni tour. Nyuma yake inasimama nguzo yenye kichwa cha freza: hapo kisu ndicho kinachozunguka na chuma kinatulia, ili kuchimba mifereji na kusawazisha nyuso.

Vijana huniuliza kama mashine ya namna hiyo inafaa. Kwa chumba kidogo inafaa, ila msitazame rangi. Sogezeni kibebea kisu kutoka mwisho mmoja wa kitanda hadi mwingine. Kikilegea karibu na kichwa kinachoshika chuma na kukaza mbali, kitanda kimelika, mwacheni mwenyewe abaki nacho. Nguzo ikiwa ya mviringo, mkipandisha kichwa cha freza kinageuka na mnapoteza kituo mlichokilenga, kwa hiyo pangeni urefu kabla ya kuanza. Kateni kidogo kidogo, kwa maana mashine hiyo haina uzito wa kuvumilia pupa. Tena malizeni kazi ya tour ndipo mwanze ya freza. Kila kubadilisha kunakula saa nzima.

Ya Hadji ilikuwa nzima. Lakini parafujo yake ilikuwa ya inchi, na katika sanduku la pinyo ilikosekana moja tu. Nilifungua kitambaa changu nikaijaribu. Meno yaliingiana.

Hadji alicheka. “Fundi, hii mashine ilikuwa inakungoja weye.”

Nilimwomba siku mbili. Nyumbani nilimweleza Masika kwamba bila pinyo ile sitaweza kutengeneza mashine hata moja ya kahawa. Alisikiliza mpaka mwisho. “Chuma ya batu,” alisema, “ndiyo utaanzia nayo nyumba yetu?”

Nikapanda lori kwenda Beni. Shefu Paluku alikuwa amestaafu, lakini kila asubuhi alikuja kuketi karakanani kusahihisha wengine. Nilimwekea pinyo magotini. Aliinusa.

“Uliipaka mafuta.”

“Kila mwezi, Shefu.”

“Sisi tulishakulilia matanga. Donc, kumbe tulilia bure.”

Akanipeleka kwenye tour. Ilikuwa inakata hesi huku ikiguruma kama gunia la mawe. Waliponikosa walikata duara la chuma, wakalizungushia karatasi ya mfuko wa simenti iliyogawanywa sehemu mia moja ishirini na saba, wakachonga kila jino kwa tupa. Kazi ya miezi minne. Shefu alisimamisha mashine, akaifungua pinyo hiyo, akaweka ile yangu. Alipowasha, ngurumo ilikatika, na mafundi wote wakageuza shingo.

Kisha akaniwekea mkononi ile ya tupa. “Hii ndiyo yako. Tuliifanya juu yako, kwa sababu haukurudia.”

Mashine niliinunua. Tundu la pinyo nililitia bushi, pete ya chuma, ili likae kwenye mhimili wake, na hesi inazokata ni sahihi, ila kelele yake majirani wanaisikia hadi ng'ambo ya barabara. Kwa kichwa cha freza ningeweza kukata pinyo mpya, laini, kwa siku mbili. Sijaikata. Masika anasema akiisikia ile inaguruma, anajua niko nyumbani.