Kichwa Kilichobeba Kompyuta

Mimi na hasira yangu tunajuana, kwa hiyo nitasema wazi: darasani kwa Damien, pale mtaa wa Kimanga, hapa Uvira, nilikuwa nanuna kila siku. Alitufundisha kuandika programu za kompyuta, lakini waliokaa kwenye mashine ni wavulana. Sisi wasichana tulisimama nyuma yao, tukitazama. "Mutafikiwa," alisema. Kabla hatujafikiwa na kompyuta, tukafikiwa na vita.

Ilikuwa mwaka wa 2017. Wenye bunduki walijaa barabarani, wakiwanyang'anya vijana simu na chochote walichobeba. Damien alikuwa na kompyuta mbili tu, na zikipotea hizo, hakuna darasa tena, wala kwa wavulana wala kwangu. Alizunguka nazo uani, hajui azifiche wapi. Shangazi yangu Pétronille, muuza unga wa muhogo kutoka Luberizi, alimtazama mpaka akachoka naye.

"Damien, leta hapa. Banaume mutasimamishwa. Nani atasimamisha beseni ya unga?"

Akazifunga kwa plastiki na kitenge, akafukia moja katika beseni langu, nyingine katika lake. Tukajitwika, tukashika njia ya mpaka wa Burundi. Damien akaelekea bandari ya Kalundu kutafuta boti ya kuvukia ziwa.

Kwenye bariere, kizuizi chao cha barabarani, mwenye bunduki mmoja akatumbukiza mkono katika beseni langu. Shangazi akamgombeza kama mtoto wa kumzaa mwenyewe.

"Toa mukono mu unga ya batu! Umenawa? Hii iko chakula ya batoto."

Kijana yule akaona haya, akautoa, akajipangusa kwenye suruali. Tukapita.

Damien alitukuta Gatumba, ng'ambo ya mpaka, akazikumbatia kompyuta zake akitokwa na machozi. Paroko wa huko akatupatia chumba chenye umeme tuendelee na masomo. Siku ya kuanza, Damien akaita wavulana waliokimbilia huko wakae. Nilitamani kumrushia unga uliobaki.

"Ngoja," Shangazi akasema. "Kwetu, mwenye kujitwika chungu njiani ndiye anapakuliwa kwanza. Kichwa kilichobeba kikae mbele."

Damien akanivutia kiti. Namshukuru na yeye, maana angeweza kukataa.

Leo, hapa Uvira, mwalimu ni mimi, na kwenye mashine wasichana na wavulana wanakaribia kulingana. Kompyuta ile niliyoibeba bado inatema unga nikiigeuza. Kila ninachokula kimetoka katika beseni lile, na siwezi kumlipa Shangazi hata nikizaliwa mara ya pili.

Juzi aliniletea unga darasani. Akasimama nyuma, mikono mgongoni, akitazama, pale pale tulipokuwa tukisimama sisi.

"Shangazi, weye pia ulibeba."

"Minye? Minye niko muzee."

Nikamvutia kiti. Akapangusa mikono kwenye kitenge, akakaa, akaanza kuandika jina lake kwa kidole kimoja. Alichukua muda mrefu, na darasa zima lilimngoja.