Kiti Kimoja kwa Nyumba Moja

Mimi wivu sikufundishwa na mtu, nilizaliwa nao. Lakini kabla ya ile tume ulikuwa wivu wa kawaida, wa kitenge na kitoweo, ambao mwanamke yeyote wa Ujiji mwenye mke mwenza anaamka nao.

Ilikuwa miaka ya wakimbizi. Boti zilishusha watu pwani ya ziwa pale Bangwe kila kukicha, na mahakama yetu ikajaa kesi za kifamilia. Mjane kanyang'anywa watoto na shemeji, mke kamkuta mume aliyempotea ng'ambo kaoa tena Gungu. Nje ya mahakama wakaota vishoka, wanaume wa makoti, kila mmoja anadai yeye ndiye atakayekusemea kwa hakimu. Wanapokea kuku, wanapokea mafuta ya mawese, siku ya kesi huwaoni. Mimi niliwasindikiza wanawake hao bure. Mjane mmoja wa Kirundi nilisimama naye mpaka akarudishiwa watoto wake, na tangu hapo akaniita mama ingawa tulilingana umri.

Serikali ilipochoshwa na vishoka ikasema iundwe tume. Kazi yake ni kuwapima wote wanaotaka kusimamia familia mahakamani, kuwapitisha wanaofaa, na kumfukuza atakayekula mali ya mtu. Mwenyekiti akawa hakimu mstaafu. Akawekwa shehe, akawekwa mchungaji, akawekwa bibi wa ustawi wa jamii. Zikabaki nafasi mbili za kuchaguliwa na wanawake wenyewe, mmoja wa Ujiji na mmoja wa pwani. Nikasema haya, Mungu kaniona. Kile kiti cha Ujiji nilikitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu.

Sasa sikia kilichoniuma. Wa pwani wakamleta mke mwenzangu! Mzaliwa wa Bangwe, watu wake asili yao Kongo, mchuuzi wa samaki aina ya migebuka, mdogo kwangu, ana sauti ya kumtoa nyoka pangoni. Njia ya mahakamani aliijua kwa kunifuata nyuma. Leo naye mgombea.

Mume wetu, muuza chumvi na sabuni sokoni, alikuwa mtu wa haki hadi inachosha. Akileta kitenge, pande mbili. Akileta samaki, anamkata katikati. Zamu alizishika kama sala, na jua likizama tu anahama chumba. Uchaguzi uliangukia siku ya zamu yangu. Jioni ya kuamkia siku hiyo nikamwambia mwenzangu, "Bibie, mchukue wewe. Mimi nataka kupumzika." Nilitaka kusuka nywele na kupiga pasi gauni bila mtu wa kumpikia. Akasema, "Asante, dada," akatabasamu, na lile tabasamu likanikera mpaka nikaunguza kola.

Tulikutana kwenye darasa moja la shule Gungu. Kwa desturi wagombea hutolewa nje wenzao wakinyoosha mikono, kwa hiyo tukasimama sote wawili chini ya dirisha. Akanipa karanga. Nikamwambia nimeshiba.

Tulipoitwa ndani, tumepita sote wawili. Sijakaa vizuri, mwanamke mmoja wa nyuma akauliza inakuwaje nyumba moja iwe na viti viwili. Mwenyekiti akavua miwani. "Kweli," akasema. "Ikija kesi ya jamaa zenu mtakuwa sauti mbili upande mmoja. Nyumba moja, kiti kimoja. Nani anabaki?"

Nikasema, "Mimi." Mwenzangu akainamisha macho, na darasa zima likaona adabu yake na uroho wangu. Mwenyekiti akamgeukia mume wetu, aliyekuwa amesimama mlangoni na wanaume wengine. "Mzee, hawa ni watu wako. Unasemaje?"

Hakufikiri hata kidogo. "Leo zamu ni ya huyu," akasema, akamwonyesha mwenzangu.

Wanawake walicheka mpaka madawati yakagonga ukuta. Mwenyekiti yeye hakucheka. Akasema mwenye nyumba amekwisha kusema, akaendelea na mengine. Nami nifanyeje? Nisimame mbele ya Ujiji nzima niseme zamu ilikuwa yangu, niliitoa kwa ajili ya kusuka nywele? Mwana kulitafuta, mwana kulipata.

Kuanzia hapo wanawake wenye kesi wakawa wanaupita mlango wangu kwenda wa pili. Siku moja alikuja yule mjane wangu wa Kirundi. Akanisalimu vizuri, halafu akauliza, "Mama, mwenyewe yupo?" Nikamwonyesha mlango kwa kidole. Na mwenzangu kazi aliiweza, vishoka wakapungua kweli. Angeboronga ningempenda.

Miaka ikapita, wakimbizi wengi wakarudi kwao. Jioni moja mume wetu anakula ugali wangu, nikashindwa kuvumilia.

"Siku ile ya tume, kama zamu ingekuwa yangu, ungesema nani?"

"Wewe," akasema, akamega tonge.

"Hukuangalia nani anakifaa kile kiti?"

Akanishangaa. "Niangalie vipi? Si ningekuwa nimembagua mmoja wenu?"

Nilikaa nikimtazama anavyotafuna. Miaka yote ile nilimchukia mwanamke aliyependelewa mbele za watu, nikahesabu kila kanga yake, nikayachunguza macho yake, nijue kanizidi nini. Hakunizidi kitu. Hakuna aliyetulinganisha. Heri angesema anampenda zaidi, ningejua pa kulia.

Jioni ile zamu ilikuwa yangu. Nikamwambia aende kwa mwenzangu, mimi kichwa kinaniuma. Akanawa mikono, akaenda. Baadaye kidogo nikawasikia wanacheka upande wa pili wa ukuta, na roho ikaniuma vilevile.