Mbio Zangu Hadi Lango la Kijani

Namshukuru Mungu kwa magoti yangu ya uzeeni, ingawa mwezi huu yameniponza. Kanisa letu hapa Kyebando limeandaa mbio za kuchangia paa, nami mzee wa kanisa, niliyefiwa na mke zamani, nikajiandikisha. Mkenya anayetufundisha kukimbia aliniambia, "Mzee, mwendo mmoja kila siku hauongezi kasi. Kimbia kwa nguvu kidogo, tembea upumue, kisha rudia."

Nikachagua mlima wetu. Kutoka dukani nilipanda kwa kasi hadi lango la kijani la Mama Neema, mjane wa Kikongo tunayesali naye. Hapo nilisimama, mkono kifuani, nikihema, kisha nikateremka polepole kuanza upya. Kila asubuhi aliniletea kikombe cha maji. Nilimbariki, nikanywa. Hata alipoanza kuvaa vitenge vya Jumapili siku za kazi, niliona ni usafi tu.

Jana, nilipokuwa nikipokea kikombe, kaka yake alitoka na kiti.

"Shemeji, ikala," alisema. "Mwezi muzima unakuja kwa dada mbio, ukifika kwa mlango unarudi. Unaogopa nini? Sema neno, tuko hapa."

"Ndugu yangu," nilijibu nikitweta, "haya ni mazoezi. Langoni ndipo ninapopumzikia."

Mama Neema akanigeukia.

"Kwa hiyo, Mzee, lango langu ni alama tu?"

Kikombe kilikuwa bado kimejaa, nami sikujua pa kukiweka.